Mpelelezi amegoma: tamthilia ya Arusha mbele ya hesabu za Dick Wolf

Kisa chenyewe ni hiki. Mtayarishaji mmoja wa hapa Arusha, dada aliyeanza na video za harusi na sendofu pale Ngarenaro kabla ya kuhamia kwenye tamthilia, amekwisha kupiga picha sehemu 6 za tamthilia ya upelelezi. Mpango ni sehemu 13. Hadithi inaanza na dalali wa tanzanite anayeokotwa amekufa kando ya Mto Themi, na Inspekta anayefuatilia kifo hicho kutoka ofisi za madalali mjini hadi kwa wanaapolo, wachimbaji wa Mirerani. Sehemu zote 6 zimetoka vizuri. Kabla ya ya saba kupigwa, kaka anayecheza Inspekta akatuma ujumbe wa WhatsApp: anataka malipo mara mbili, na anataka kuziona skripti zote zilizobaki kabla hazijapitishwa. Akamalizia kwa maneno ambayo kila prodyuza wa nchi hii amewahi kuyasikia: "Dada, bila mimi hapo hakuna tamthilia."

Wakati huohuo kituo cha televisheni kilichoonyesha nia ya kununua kikaja na masharti yake. Inspekta apewe mchumba, maana watazamaji wanapenda mapenzi. Na kituo kinunue kazi yote moja kwa moja, haki zote, milele, kwa bei moja.

Aliniletea skripti na rasimu ya mkataba, akauliza kitu kimoja tu: "Kaka, huyu nimlipe au nimfukuze?" Nikamwambia kuna mzee Marekani ameulizwa swali hilo kwa zaidi ya miaka 30, na bado yuko kazini. Dick Wolf, mtayarishaji wa tamthilia za polisi. Jina hakulijua. Nilipotaja Law & Order akacheka: "Aa, wale wa ile sauti ya du-dum!" Haohao. Sauti ile aliitengeneza mtunzi wa muziki Mike Post, na nimeona watu wasiojua neno la Kiingereza wakiitambua wakiwa chumba cha pili. Inafaa kulikumbuka hilo kabla hatujafika kwenye suala la staa: kitu ambacho dada huyu alikumbuka kwanza hakikuwa sura ya mtu.

Wolf alizaliwa New York Desemba 1946, akahitimu University of Pennsylvania mwaka 1969, na hakuingia kwenye filamu moja kwa moja. Alikuwa mwandishi wa matangazo katika wakala wa Benton & Bowles, na miongoni mwa bidhaa alizoziandikia ni dawa ya meno ya Crest. Wengi wanaosimulia maisha yake huipita habari hiyo mbio mbio ili wafike kwenye tamthilia. Mimi naona ndiyo ufunguo. Mtu wa matangazo anafundishwa kinyume na anavyofundishwa msanii: bidhaa lazima ibaki sokoni hata binti anayetabasamu kwenye tangazo akibadilishwa. Jina linabaki, rangi ya kasha inabaki, ladha inabaki. Binti ni wa msimu.

Kutoka matangazo alikwenda kuandika skripti za filamu, kisha mwaka 1985 akaajiriwa kuandika Hill Street Blues, na mwaka uliofuata akahamia Miami Vice akiwa mwandishi na mtayarishaji. Zote zilikuwa tamthilia kubwa za polisi, za saa nzima. Na biashara ya tamthilia za saa nzima ilikuwa imekwama.

Hapa inabidi nieleze hesabu zao, maana ni tofauti na zetu. Kituo kikubwa cha Marekani kilikuwa kinalipa ada ya kurusha ambayo haifikii gharama ya kutengeneza. Studio inabeba pengo, inasubiri miaka michache hadi sehemu zirundikane, kisha inauza marudio kwa vituo vya mikoani. Faida ilikuwa kwenye marudio. Katikati ya miaka ya 1980 vituo hivyo vilitaka vichekesho vya nusu saa. Tamthilia za saa nzima zilikuwa zinadoda. Basi Wolf akaja na wazo ambalo, ukiliangalia vizuri, ni la muuza bidhaa kabla halijawa la msanii. Kama wanunuzi wanataka nusu saa, tengeneza saa inayokatika katikati. Nusu ya kwanza polisi wanachunguza na kukamata. Nusu ya pili waendesha mashtaka wanaipeleka kesi mahakamani. Siku ya kuuza marudio, unaweza kuzitenganisha.

Wazo lenyewe wala halikuwa jipya. ABC walikuwa wamerusha Arrest and Trial mwaka 1963, yenye umbo lilelile la kukamata kisha kushtaki, na aliyemkumbusha Wolf ni bosi wa Universal Television wa wakati huo, Kerry McCluggage. Wolf hakujifanya amegundua kitu. Alichukua umbo la zamani akalikaza.

Kituo cha Fox kiliagiza sehemu 13, kisha bosi wake Barry Diller akaghairi, akiona haifanani na kituo chake. CBS wakagharamia sehemu ya majaribio, iliyopigwa New York mwaka 1988, halafu wakaikataa. Sababu yao niliisoma kwa sauti ili huyu dada aisikie: haikuwa na mastaa wa kung'ara. NBC, chini ya Brandon Tartikoff, waliitazama mwaka 1989 wakaipenda, lakini wakasita, wakihofu kwamba mwendo mkali namna ile hauwezi kudumu wiki hadi wiki. Ilirushwa kwa mara ya kwanza tarehe 13 Septemba 1990. Kazi ikawa imezungushwa miaka miwili kwenye makabati ya wakubwa, na lile lililowafanya CBS waikatae ndilo lililokuja kuifikisha msimu wa ishirini.

Sasa linakuja jambo ninalolipenda kuliko yote katika kisa cha Wolf. Ile sababu ya kuikata saa katikati haikutimia. Marudio yalipouzwa, kituo cha kebo cha A&E walichukua saa nzima nzima, wakairusha hivyohivyo, na watu wakaitazama mfululizo. Soko lililoifanya tamthilia izaliwe na nusu mbili halikuja kamwe. Lakini nusu zilikuwa zimeshafanya kazi nyingine ambayo pengine hata mwenyewe hakuipangia. Ukishatoa matangazo, saa ya televisheni ya Marekani inabaki na dakika arobaini na kitu. Ukizigawa mara mbili, polisi wana dakika ishirini na ushee, waendesha mashtaka nao vivyo hivyo. Ndani ya dakika hizo hakuna pa kuweka talaka ya mpelelezi, wala mtoto wake mtukutu, wala mchumba. Maisha ya nyumbani yanabaki vijisentensi viwili vinavyodondoka ndani ya gari. Hadithi ikawa ni kesi. Na hadithi ikishakuwa kesi, mtu yeyote mwenye uso wa kuaminika anaweza kuibeba.

Waigizaji wakaanza kuondoka. George Dzundza aliondoka baada ya msimu wa kwanza, akaingia Paul Sorvino, naye hakukaa. Mwaka 1992 akaja Jerry Orbach kama Lennie Briscoe, akakaa hadi 2004, na kwa watazamaji wengi ndiye sura ya tamthilia ile ingawa hakuwepo ilipoanza. Mwaka 1993 NBC walitoa sharti: wekeni wanawake au tunaifuta. Wolf akawatoa Dann Florek na Richard Brooks, akawaingiza S. Epatha Merkerson na Jill Hennessy. Merkerson akakaa hadi 2010. Michael Moriarty, mwendesha mashtaka mkuu wa misimu ya mwanzo, aliondoka 1994 kwa mzozo, nafasi yake ikachukuliwa na Sam Waterston. Chris Noth akaondolewa 1995. Kwa tamthilia ya kawaida hayo ni mazishi matano. Hii, mwaka 1997, ilipokuwa haina hata mmoja wa waigizaji wakuu sita walioanza nayo isipokuwa Steven Hill, ikachukua tuzo ya Emmy ya tamthilia bora.

Kwa hiyo jibu ni kumfukuza? Ndivyo alivyotaka kusikia, na kwa haraka. Nikamwomba kwanza tufungue skripti ya sehemu ya saba, ukurasa wa kwanza.

Inspekta anaamka. Yuko nyumbani Sakina. Mama yake anamtengea chai na mihogo. Wanazungumza kuhusu marehemu mke wake. Inspekta anatazama picha ukutani, muziki wa kinanda. Anamkumbuka mke wake tena, safari hii kwa macho. Anatoka, anapanda gari, anapita Mnara wa Saa, Meru inaonekana imevaa mawingu. Simu inaita. Ukurasa wa sita ndipo tunapojua kuna shahidi amepotea.

Kurasa sita! Na skripti hiyo aliiandika dada mwenyewe, wala hakuna aliyemshikia kisu. Yule kaka aliposema bila yeye hakuna tamthilia, alikuwa anasoma alichoandikiwa. Ukimpa mtu kurasa sita za chai na machozi katika kila sehemu, umempa funguo za nyumba, halafu unashangaa anataka kodi.

Tukaigeuza palepale. Law & Order ina mtindo wake wa kufungua: watu wawili wa kawaida wako kwenye shughuli zao, wanabishana kitu kidogo, ghafla wanaukuta mwili. Hatuwaoni tena. Polisi wanafika, utani mmoja mkavu, basi. Kwetu hii inakaa kana kwamba ilitungwa Tengeru. Siku ya soko, Jumamosi, wanawake wawili wanashusha maparachichi kwenye Noah, wanamsema mkwe wa mmoja wao aliyekula mahari akakaa kimya. "Ng'ombe wawili, mama Neema, na wote wamekonda!" Mmoja anarudi nyuma kupanga matenga, mguu wake unagonga kitu chini ya turubai. Skrini inakuwa nyeusi, yanatokea maandishi: mahali, siku, tarehe. Ukurasa mmoja na nusu. Inspekta anaingia akiwa na karatasi mkononi, na nyuma yake yupo Sajenti, dada mmoja ambaye katika sehemu zilizokwisha kupigwa kazi yake ilikuwa kusema "ndiyo afande." Safari hii Sajenti ndiye anayeuliza swali la kwanza.

Ilipofika hapo dada akanyamaza, akapiga hesabu. Kwa mtindo huu Inspekta anabaki na maonyesho kumi na kitu katika sehemu, badala ya karibu yote. Na siku za kupiga picha zinapungua, kwa sababu nyumba ya Sakina inakodiwa kwa siku na mama mwenye nyumba anataka chakula cha wageni wake kiwe juu ya prodyuza.

Nisimtukuze Wolf kupita kiasi hata hivyo, maana historia yake ina upande unaopingana naye. Tawi la kwanza la Law & Order, Special Victims Unit, lilianza Septemba 1999, na Mariska Hargitay yumo tangu siku ile hadi leo. Mwaka 2019 likawa tamthilia ya jioni ya waigizaji hai iliyodumu misimu mingi kuliko zote Marekani. Mwambie mtazamaji yeyote kwamba mhusika wake, Olivia Benson, anaweza kubadilishwa kama mwendesha mashtaka wa 1994, atakucheka. Mwenzake Christopher Meloni aliondoka 2011 baada ya mazungumzo ya mkataba kushindikana. Tamthilia ikaendelea bila yeye kwa miaka kumi, na huo ni ushindi wa umbo juu ya staa. Lakini mwaka 2021 Wolf alipoanzisha tawi la Organized Crime, aliijenga juu ya Meloni huyohuyo. Florek aliyetolewa 1993 alirudishwa kwenye Special Victims Unit. Noth alirudi kwenye tawi jingine, Criminal Intent. Mzee huyu anajua thamani ya sura. Anachokataa ni sura kushika usukani. Na naona kuna jambo la adabu humo pia: anayeachana na mtu bila kumtukana magazetini anaweza kumpigia simu baada ya miaka.

Sasa nusu ya pili, ile ya mahakamani. Dada alitaka kuinakili kama ilivyo, na hapa nilimkatalia kabisa.

Muundo wa Wolf unawezekana kwa sababu mfumo wa kule unaruhusu mtazamaji kuamini kwamba kukamatwa na kushtakiwa kunafuatana kama mchana na usiku. Wana baraza la raia 12, wana mawakili wanaowahutubia raia hao, wana mapatano ya kukiri kosa korido baada ya korido. Kwetu hakuna baraza hilo, anaamua jaji. Na aliyewahi kukaa kwenye benchi la mahakama ya hakimu mkazi anajua wimbo wake. Karandinga linaingia kutoka gereza la Kisongo, mahabusu wanashuka, ndugu wamesimama uani na chakula kwenye hotpoti. Mashtaka ya mauaji yanasomwa, mshtakiwa hatakiwi kujibu lolote kwa kuwa mahakama hiyo haina mamlaka ya kusikiliza shauri hilo. Kosa halina dhamana. Wakili wa serikali anasimama: "Mheshimiwa, upelelezi haujakamilika, tunaomba tarehe nyingine." Kesi inaahirishwa hadi itakapotajwa tena. Wiki mbili baadaye, hivyohivyo. Mfanyabiashara wa tanzanite aliyemiminiwa risasi wilayani Hai Agosti 2013, kesi ambayo kaskazini nzima iliifuatilia, hukumu yake ilitoka Mahakama Kuu Moshi Julai 2018. Ukimwonyesha mtu wa Moshi kesi ya mauaji inayoisha kwa dakika 22, atakwambia hiyo ni ya Wazungu, atabadilisha chaneli.

Lakini upungufu huo una utajiri wake. Mchezo wenyewe wa kwetu uko kabla ya hukumu: uko kwenye jalada. Mkuu wa upelelezi wa mkoa analipeleka jalada ofisi ya mashtaka, wakili wa serikali analisoma, anaona shahidi muhimu hajaandikwa maelezo, analirudisha. Polisi wanakasirika. Linakwenda tena, linarudi tena. Ofisi ya Taifa ya Mashtaka ina sheria yake tangu 2008. Kabla ya hapo katika mahakama za chini ilikuwa kawaida kabisa kumkuta polisi ndiye anayeendesha mashtaka. Mvutano huo wa ofisi mbili, mmoja anayetaka kufunga kazi na mwingine anayejua atakayeaibika mbele ya jaji ni yeye, ni nusu ya pili nzuri kuliko hotuba yoyote ya kufunga kesi. Tukakubaliana: nusu ya pili ya kila sehemu iwe chumba cha wakili wa serikali, jalada mezani, na swali moja tu: je, hili linasimama? Mahakama ionekane mara chache, na ikionekana iwe ni kuahirishwa. Ahirisho la tano likija, mama wa marehemu akiwa kwenye benchi lilelile, halihitaji kinanda.

Isitoshe, huu ni mji wa mahakama. Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda ilikaa kwenye jengo la mikutano la AICC hadi ilipofungwa mwishoni mwa 2015. Hukumu ya kwanza duniani ya mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa mauaji ya kimbari ilisomwa Arusha, tarehe 2 Septemba 1998. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu iko hapa, ya Afrika Mashariki iko hapa. Madereva, wakalimani na makarani wa mji huu wamesikia mambo ya mahakamani kuliko waandishi wengi wa skripti. Sijui kwa nini hadithi za polisi wetu bado zinaandikwa na watu wanaotazama New York kwenye simu badala ya kumwalika karani mstaafu chai pale Kaloleni.

Kuchukua visa kutoka magazetini ni jambo jingine ambalo Wolf amelifanya kuwa alama yake, na ambalo dada analifanya bila kuchukua tahadhari zake. Wao hugeuza: wanachukua tukio linalojulikana, wanabadili muuaji, wanabadili sababu, na wanatoa tamko kwamba hadithi ni ya kubuni. Hata hivyo waliwahi kunaswa. Wakili mmoja wa New York alishtaki kuhusu sehemu iliyorushwa 2003, akidai wamemchora yeye kama mla rushwa. Mhusika alifanana naye kwa asili, kwa kazi na hata kwa jina la kwanza. Mwaka 2008 jaji akakataa kuifuta kesi hiyo mapema. Sasa dada katika skripti zilizobaki ana dalali mwingine, mwenye asili ya wilaya fulani, mwenye hoteli ya ghorofa mtaa fulani, anayeendesha gari la rangi fulani. Nilimuuliza kama kuna mtu yeyote Arusha ambaye hatamjua ni nani. Akainamisha kichwa. Madini tukayaacha yabaki, hoteli tukaifuta, akapewa karakana ya magari na asili ya mkoa mwingine kabisa. Kabla ya Bodi ya Filamu kuiona skripti, ni bora ionwe na jirani mmoja mbea.

Kuna lawama ambayo Wolf hajaikwepa, nayo inatuhusu. Januari 2020 shirika la Color Of Change lilitoa ripoti kuhusu tamthilia za uhalifu za Marekani, likisema zinaonyesha ukiukaji wa haki unaofanywa na polisi kama jambo la kawaida, la kusamehewa kwa sababu mtendaji ni mtu mwema. Tamthilia za Wolf zilikuwemo. Mtazamaji wa Unga Limited hatasubiri ripoti. Inspekta akiwa malaika, tamthilia imekufa mtaani kabla ya sehemu ya pili. Ombi la ruhusa ya kutumia sare linamfanya kila prodyuza aandike polisi wasafi kama theluji. Wakili wa serikali anayelirudisha jalada kwa sababu maelezo ya mshtakiwa yanaonekana yamechukuliwa kwa kipigo ni njia ya kulisema hilo bila kupiga kelele, na linasemwa ndani ya mfumo wenyewe.

Mchumba wa Inspekta hatukupoteza muda naye. Hayumo.

Mkataba ndio uliotuchosha. Haki zote, milele, bei moja. Kwa mtu ambaye ana deni la kukodi kamera, bei moja mkononi ni tamu. Lakini turudi kwenye hesabu za Wolf. Kama Universal na yeye wangemuuzia NBC kila kitu mwaka 1990, A&E wangemlipa NBC. Tanzania Bara tulikuwa hatuna hata kituo kimoja cha televisheni mwaka ule; ITV ilianza 1994, Law & Order ikiwa na misimu kadhaa tayari. Waliokuwa wanatengeneza sehemu zile hawakuweza kujua zingetazamwa kwa njia gani, wapi na nani, na ndiyo maana haki hazikutolewa kwa bei ya jumla. Baadaye umbo lenyewe likawa bidhaa: Law & Order ya Uingereza ilianza 2009, kuna ya Paris, kuna ya Toronto. Wolf akalirudia kwa vikosi vya Chicago kuanzia 2012 na kwa FBI kwenye CBS kuanzia 2018, hadi mwaka 2022 akawa na tamthilia 9 hewani kwa wakati mmoja, tatu kila usiku, siku tatu mfululizo. Sehemu kubwa ya hiyo ni hadithi ileile ya dawa ya meno: ladha mpya, kasha lilelile.

Basi tulichoandika ni leseni badala ya mauzo. Kituo kirushe kwa miaka mitatu, ndani ya Tanzania, kwa televisheni tu. Intaneti ibaki kwa dada. Jina la tamthilia, wahusika na skripti vibaki kwake, visajiliwe COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kabla ya kusaini chochote. Bei ishuke ikibidi. Kituo kilikataa, kikakaa kimya, kikarudi kikitaka miaka mitano na intaneti kwa mwaka wa kwanza. Dada akakubali mitano, akakataa intaneti. Hapo ndipo waliposaini, kwa pesa pungufu kuliko ofa ya kwanza. Deni la kamera atalilipa polepole, na sikumficha kwamba inaweza kuwa hivyo kwa muda mrefu.

Inspekta je? Hakufukuzwa wala hakulipwa mara mbili. Aliandikiwa ujumbe wa heshima: malipo ni yaleyale hadi sehemu ya 13, nyongeza itazungumzwa msimu wa pili, skripti hazipitishwi na mwigizaji yeyote. Asiporidhika, sehemu ya nane Inspekta atapata barua ya uhamisho kwenda Songea. Na hapo ndipo tulipo na bahati kuliko Wamarekani. Wao wakitaka kumtoa polisi kwenye hadithi inabidi wamuue, wamstaafishe au wamfanye ampige mwanasiasa ngumi. Kwetu polisi, mwalimu na nesi wanahamishwa kila siku, na hakuna mtazamaji atakayeuliza kwa nini.

Yule kaka hakujibu haraka. Alipojibu alikubali malipo ya zamani hadi sehemu ya kumi, kwa sababu amepata kazi nyingine Dar es Salaam, na akaomba jambo moja: uhamisho uwe wa Moshi, ili msimu wa pili akihitajika aweze kurudi na basi la asubuhi. Dada amelikubali. Sajenti amepandishwa cheo kuanzia sehemu ya kumi na moja, na mwigizaji wake amesaini mkataba wenye kifungu cha uhamisho tangu siku ya kwanza.